Kupimwa afya kabla ya kuwa mlezi wa kambo: jinsi ya kujiandaa hatua kwa hatua

Mtu akiniletea fomu ya afya ya malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda mtoto asiye wako kupitia ustawi wa jamii, mara nyingi huanza kwa kuomba radhi. "Daktari, mimi nina presha, sijui kama watanikubali." Hapo hata hajaketi. Nimejaza fomu hizi kwa miaka, na presha haijawahi kunipa shida kama presha iliyofichwa. Kwa hiyo vuta kiti, twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua unapimiwa nini

Huu si uchunguzi wa kujiunga na jeshi. Hakuna anayetafuta mtu asiye na ugonjwa; wangekuwa wanatafuta hao, watoto wangekosa walezi. Ninachotakiwa kujibu ni kama una nguvu za kumlea mtoto wa umri unaouomba, kama kuna kitu katika afya yako kinachoweza kumdhuru, na hali yako inatarajiwa kuwaje kwa muda atakaokaa kwako.

Umri wa mtoto ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mgongo mbovu ni kikwazo kwa anayetaka mtoto wa miezi 8, maana huyo ni wa kubebwa, kuinuliwa kitandani na kuogeshwa umeinama. Kwa kijana wa miaka 14 mgongo huohuo hauna neno, ila hapo nitakuuliza zaidi kuhusu usingizi wako na uvumilivu wako. Taja umri unaoufikiria mapema, vinginevyo daktari ataandika kwa kukisia.

Tena, mimi sikubali wala sikatai mtu. Naandika ripoti, maafisa wa ustawi wa jamii wanaisoma pamoja na mengine yote, na uamuzi ni wao.

Hatua ya 2: Kusanya vitu vyako wiki moja kabla

Njoo na dawa zenyewe, si majina yake. Siku moja mama mmoja alifungua mkoba akanitolea kopo la biskuti lililojaa vidonge. Nikavipanga mezani kimoja kimoja. Pakiti mbili zilikuwa na majina tofauti kwa mbele, lakini kwa maandishi madogo zote zilikuwa amlodipini, dawa ya presha inayoweza kuvimbisha miguu. Alikuwa anakunywa dozi mara mbili bila kujua, na vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba mpaka viatu vinamwachia alama. Aliponiambia "miguu ni uzee tu," nilimwonyesha zile pakiti. Angekuja na orodha aliyoandika mwenyewe, nisingeligundua hilo.

Pamoja na dawa, leta kadi za kliniki, tarehe za kulazwa na upasuaji, majibu ya vipimo vya karibuni na rekodi ya chanjo. Waulize ndugu zako kuhusu magonjwa ya ukoo: moyo, kisukari, saratani, kifafa. Kama mnaomba wawili, kila mmoja ana fomu yake. Msije na moja mkidhani mtagawana.

Hatua ya 3: Jaza sehemu yako kwa ukweli, na kwa tarehe

Fomu yenye "hapana" kila mstari hunitia wasiwasi kuliko yenye "ndiyo" saba. Andika ugonjwa, mwaka ulioanza, matibabu, na hali ya sasa. "Pumu tangu utotoni, natumia dawa ya kuvuta kila siku, sijalazwa tangu 2016" ni jibu ninaloweza kulifanyia kazi. "Pumu kidogo" halinisaidii chochote.

Ukishasaini ridhaa, naweza kuomba faili lako la zamani. Nikikuta humo kitu ulichokinyamazia, swali linahama: sasa haliko tena kwenye ugonjwa, liko kwenye wewe. Na maafisa hawawezi kumkabidhi mtoto kwa mtu wasiyemwamini.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Nitapima urefu, uzito, presha na mkojo, nitasikiliza moyo na mapafu, na huenda nikaagiza damu. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 84 na mita 1.65 anapata karibu 31, ambayo inahesabiwa kuwa unene uliokithiri. Usikimbie. Nitatazama zaidi kama unapanda ngazi bila kuhema na kama unaweza kukaa sakafuni ukainuka.

Presha ndiyo inayoharibiwa na haraka. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda msalani. Keti dakika 5 mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana, mkono umelazwa usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inafanya kazi. Bwana mmoja alifika kwangu akitweta, amechelewa, simu inaita: 168 kwa 102. Nikamwacha peke yake chumbani, nikarudi baadaye: 138 kwa 86. Ningeandika ile ya kwanza, angeonekana mgonjwa asiyetibiwa. Mkanda ukikubana sana mkononi sema, kwa sababu mdogo hupandisha namba.

Kwa mwenye kisukari nitaangalia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, maana sukari ya asubuhi moja hudanganya. Mwenye kifafa aseme degedege la mwisho lilikuwa lini.

Na kuhusu VVU, maana kila mwezi kuna anayeuliza kwa sauti ya chini: virusi havienezwi kwa kukumbatia, kupakata, kula sahani moja wala kutumia choo kimoja. Mtu anayemeza ARV vizuri na virusi vyake vimefifia ana maisha ya kawaida ya kulea. Kifua kikuu ni tofauti, hicho husafiri kwa hewa. Anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe kwanza, na akikutwa nacho aanze dawa na athibitishwe haambukizi tena kabla mtoto hajaingia nyumbani.

Hatua ya 5: Mazungumzo kuhusu akili

Hapa ndipo watu hujifunga. Unaweza kupewa dodoso la sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama kuanzia 0 hadi 27. Lakini dodoso ni la kufungulia mlango tu. Ninachotaka kusikia ni hiki: ulipozidiwa, ulijuaje umezidiwa, na ulimwendea nani?

Aliyewahi kuugua sonona, akatibiwa, na anazitambua dalili zikianza kurudi, namwandikia vizuri. Amepita shule ambayo wengine hawajaipita. Ninayemsitasitia ni yule anayesema hajawahi kuhuzunika maishani, ilhali alizika mtoto mwaka jana. Mtoto wa kambo anaweza kuamka usiku akipiga kelele, akaficha chakula chini ya godoro, akakutukana siku uliyomfanyia mema. Msiba ambao bado mbichi utaguswa na mambo hayo. Wakati mwingine ushauri wangu ni kusubiri miezi kadhaa, na sitauita huo kukataliwa.

Hatua ya 6: Sigara na pombe

Sigara: moshi huongeza pumu, maambukizi ya masikio na vifo vya ghafla vya vichanga usingizini, hivyo kwa watoto wadogo wengi hawamkubali mvutaji. Kuvutia uani hakutoshi, nguo hurudi na moshi. Ukiacha, andika tarehe uliyoacha.

Pombe: taja kiasi halisi cha wiki. "Kidogo sana" kila mtu huandika.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku utakayougua

Fomu nyingi haziulizi hili, mimi huuliza. Ukilazwa usiku wa manane, nani anakuja kukaa na mtoto? Nataka jina, umbali wake, na kama ameshaulizwa. Mtoto huyu ameshahamishwa mikononi mwa watu angalau mara moja. Kuhamishwa tena kwa sababu hakuna aliyejiandaa ni jambo linaloepukika.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka uangalifu katika kuwachagua walezi na pia katika kuwafundisha na kuwasimamia. Kwa hiyo usitegemee kupimwa mara moja ukamaliza. Uchunguzi hurudiwa, na ugonjwa mpya unatakiwa kuripotiwa hata kama mtoto tayari yuko nyumbani.

Kabla ripoti haijaondoka, omba kuisoma. Tarehe hukosewa, majina ya dawa hukosewa, na wiki iliyopita mimi mwenyewe niliandika goti la kushoto badala ya la kulia. Mgonjwa ndiye aliyeliona.