Namna ya kuitazama picha ya Comtesse d'Haussonville

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mbele ya picha hii macho yangu huanza na gauni, na nakushauri nawe uanze hapo. Iko Frick Collection, makumbusho ya sanaa ya New York. Ingres, mchoraji wa Ufaransa, aliimaliza mwaka 1845 kwa rangi za mafuta, baada ya kama miaka mitatu ya kuanza, kuacha na kuanza upya. Katikati bibi mwenyewe, mke wa kabaila (ndiyo maana ya Comtesse), alishika mimba, kazi ikasimama.

Sogea karibu kadiri mlinzi anavyoruhusu. Satini ni ya buluu iliyopauka. Chagua mkunjo mmoja, ufuate kutoka kiunoni mpaka unapopotelea chini. Ndani ya mkunjo rangi inakolea, inakaribia kijivu, halafu panatokea uzi mwembamba wa mwanga. Alama ya brashi huioni. Hariri nzito ndivyo inavyokunjika kweli, kwa pembe kali, haimwagiki kama kanga. Huyu mzee alikuwa anakijua kitambaa!

Sasa panda hadi mkono wa kulia, ule uliopita tumboni. Tafuta bega lake. Hulipati: mkono unatokea chini ya titi, na hakuna fundi anayeweza kukata gauni la mwili wa namna hiyo. Usidhani Ingres alishindwa. Alifanya michoro mingi ya matayarisho na mifupa ya binadamu aliijua vizuri. Alichokitaka ni mstari usiokatika, unaopita tumboni, ukapokewa na kiwiko cha kushoto, ukapanda mpaka kidole kilichogusa kidevu. Inua kiganja chako, uzibe mkono huo usiuone, uone jinsi mwili wote unavyokosa pa kuegemea. Mimi namuunga mkono.

Kioo kilicho nyuma yake nacho usikikimbie. Humo utaona kisogo chake, kitana na utepe mwekundu wa nywele, yaani upande ambao mgeni aliyesimama mbele yake asingeuona.

Vitu vilivyo juu ya meko vinaonekana vimewekwa kwa haraka: darubini ndogo ya kutazamia opera (tamthilia ya kuimba), kadi za wageni. Kitini kuna shali. Katoka opera, basi.

Ila usimwache akawa pambo la nyumba. Comtesse huyu, jina lake la kuzaliwa Louise de Broglie, alizaliwa 1818, alikuwa mjukuu wa mwandishi mashuhuri Madame de Staël, na baadaye naye aliandika vitabu, baadhi vikimhusu Byron, mshairi wa Uingereza. Ukishajua hivyo, rudi usoni mwake. Anakupima.

Ukitoka, panda Fifth Avenue hadi Metropolitan Museum, kama robo saa kwa miguu. Huko yuko wifi yake, Princesse de Broglie, mke wa mdogo wake Albert. Ingres huyohuyo alimchora kati ya 1851 na 1853, naye kavaa satini ya buluu, ila yake ina lesi. Tazama mashono na mikunjo kwa mpango uleule. Picha hiyo iko ukumbi wa Lehman, nyuma kabisa ya jengo. Muulize mlinzi akuelekeze.