Kufufua Tangi Kuukuu la Kioo Kabla ya Kuliwekea Matumbawe

Tangi ninalolieleza hapa lina urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50, na kioo chake kina unene wa milimita 10. Nililinunua kwa bei chee kutoka kwa mkahawa mmoja wa Dar es Salaam uliokuwa ukifungwa, ambako lilikuwa limekaa uani likipokea majani ya mwembe. Wanunuzi wengi hulikimbia tangi la namna hiyo kwa sababu ya ukoko mweupe ulioganda kiooni, ilhali huo ndio ubovu mwepesi kuliko wote. Kinachoamua kama tangi litafaa kwa matumbawe ni mambo mawili yasiyoonekana upesi, nayo ni hali ya silikoni iliyounganisha vioo na dawa zilizowahi kutiwa ndani yake.

Hatua ya 1: Uliza na ukague kabla ya kulipa

Muulize muuzaji kama aliwahi kuwatibu samaki kwa dawa yenye shaba nyekundu, ambayo hutumika sana dhidi ya ugonjwa wa madoa meupe. Samaki wengi huvumilia kiasi kidogo cha shaba, lakini kiasi hicho hicho huwaua matumbawe, kamba, konokono na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Asipojua, chukulia kwamba ilitumika: utang'oa silikoni yote ya ndani, na baada ya ukarabati utajaza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, uyaache siku kadhaa, kisha uyapime kwa kipimo cha shaba.

Baada ya hapo pitisha kidole kwenye kingo zote ukitafuta nyufa na sehemu zilizomeguka. Ufa wowote, hata mfupi, ni sababu ya kuliacha tangi. Mikwaruzo midogo ya upande wa ndani isikutie hofu, kwani mingi hufifia macho yasiione tangi linapojaa maji. Mwisho, angalia silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo, siyo ile ya pembeni tu. Ikiwa ina weupe au mapovu yanayoelekea kuvuka unene wa kioo, tangi linahitaji kubomolewa na kuunganishwa upya, na kazi hiyo ni afadhali umpe fundi wa vioo mwenye uzoefu wa matangi.

Hatua ya 2: Ondoa ukoko

Ukoko mweupe kwa kawaida ni kalisi kaboneti iliyoachwa na maji yaliyokauka, na siki nyeupe huiyeyusha. Laza tangi ili kioo unachokisafisha kiwe chini, tandika vitambaa vilivyolowa siki, uviache kwa saa moja, kisha kwangua kwa wembe mpya ulioulaza karibu na kioo kikiwa bado kimelowa. Suuza mchanga wote kwanza, maana punje moja ikinaswa chini ya wembe huacha mchoro wa kudumu. Usitumie sabuni. Ukitaka kuua vijidudu kwa dawa ya klorini, fanya hivyo siku nyingine baada ya kusuuza siki yote, kwa sababu viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 3: Toboa sasa kama utatoboa

Tundu la kupeleka maji kwenye tangi la chini, yaani tangi la kuchujia linalokaa chini ya tangi kuu, hutobolewa kabla ya kuweka silikoni mpya. Hakikisha kwanza kwamba kioo hakikuimarishwa kwa joto, kwa kuwa kioo cha aina hiyo hupasuka chote vipande vidogo mara keekee inapokigusa. Weka skrini ya simu au kompyuta nyuma ya kioo na ukitazame ukiwa umevaa miwani ya jua yenye polarizesheni. Madoa au mistari myeusi inayojitokeza ni dalili ya kioo kilichoimarishwa. Kikiwa cha kawaida, tumia keekee ya duara yenye almasi, kwa mwendo wa polepole na maji yakitiririka muda wote, na tundu liwe mbali na ukingo kwa kadiri isiyopungua kipenyo chake.

Hatua ya 4: Ng'oa silikoni ya ndani yote

Hapa ndipo watu hutafuta njia ya mkato, nami nilikuwa mmoja wao. Tangi langu la kwanza lilikuwa likivuja pembe moja tu, nikapaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, likakaa kavu kwa wiki tatu, kisha usiku mmoja likamwaga maji sebuleni. Silikoni mpya haishikani vizuri na iliyokwisha kukauka, hushika kioo. Ukirekebisha mshono mmoja, ncha zake bado zitakutana na silikoni kuukuu pembeni, na maji yatapita hapo.

Kwa hiyo kata mishono yote ya ndani, minne ya wima na minne ya chini, ukipitisha wembe kwanza kwenye kioo kimoja kisha kwenye kingine hadi utepe utoke mzima. Usiingize wembe katikati ya vioo viwili, kwa kuwa silikoni ya hapo ndiyo inayolibeba tangi. Masalia kama utando yanasumbua kuliko utepe wenyewe, na yatakumalizia nyembe nyingi. Futa kwa asetoni na kitambaa kisichoacha nyuzi, katika mahali penye hewa na pasipo moto, urudie mpaka kidole kisihisi utelezi wowote.

Hatua ya 5: Weka silikoni mpya

Nunua silikoni halisi ya asilimia 100 isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni inayojisifia kuzuia ukungu ina sumu kwa viumbe wa baharini. Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi umbali wa milimita 8 kutoka kila pembe, kisha jaza mishono yote kwa mkupuo mmoja ili ikutane ikiwa mibichi. Laza kila mshono kwa kidole chenye glavu, kwa msuguo mmoja usiokatika, na ubandue utepe papo hapo, kwa sababu ngozi ya juu huanza kujifunga ndani ya dakika chache.

Liache tangi siku saba. Silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, hivyo hewa ya pwani huisaidia, lakini aliye Dodoma wakati wa kiangazi aongeze siku. Harufu ya siki ikisikika bado, subiri.

Hatua ya 6: Jaribu kwa maji baridi, nje ya nyumba

Liweke tangi mahali palipopimwa kwa pimamaji, juu ya karatasi kavu. Jaza theluthi moja, ngoja saa chache, ongeza theluthi nyingine, kisha ujaze na uache siku tatu. Kanieneo ya maji hutegemea kina, siyo urefu wa tangi, kwa hiyo jaribio la nusu tangi halithibitishi kitu. Weka alama kwenye usawa wa maji, na kando yake weka ndoo yenye alama kama hiyo: maji yakishuka sawasawa kote kuwili, ni mvukizo tu.

Kabla ya kuliingiza ndani, hesabu uzito. Kioo cha tangi langu ni takriban kilo 55, maji ya chumvi lita 240 ni kama kilo 246, na mawe ni kilo 30, yaani kilo 331 bila meza. Mawe yakae juu ya kipande cha plastiki sakafuni mwa tangi kabla ya mchanga, ili kiumbe anayechimba asiyaangushe. Matumbawe hai nunua kwa mfugaji mwenye vibali; matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea walio hatarini.

Ukishatia maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, pitisha kidole kila asubuhi kwenye mishono ya nje kwa mwezi wa kwanza. Tone la maji baridi huweza kukauka bila kuacha alama ya kuonekana, lakini la chumvi huacha mstari mweupe, na mstari huo ukirudi mahali pale pale baada ya kufutwa, toa maji.