Jinsi ya kuandaa orodha ya vikosi vya Euro 1992 bila makosa

Orodha ya kikosi ni picha ya siku moja. Kwa Euro 1992, mashindano ya soka ya mataifa ya Ulaya, siku hiyo ni tarehe 10 Juni 1992, Sweden walipofungua dimba na Ufaransa uwanjani Råsunda na kutoka sare ya 1-1. Umri wa mchezaji, klabu yake, mechi alizochezea taifa: kila kisanduku cha jedwali lazima kiwe cha kweli siku hiyo. Makosa mengi yanayozagaa mitandaoni yana chanzo kimoja, nacho ni kuchanganya siku. Mtu anaandika klabu ya mwezi Agosti, au jumla ya mechi ambazo mchezaji alizifikisha miaka tisa baadaye, na msomaji anaondoka na jambo ambalo halijawahi kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Mashindano haya yanafaa kujifunzia. Yana timu 8 tu, kila moja wachezaji 20, lakini mitego karibu yote ya kazi hii imo. Ukiyaweza haya, Euro 1996 (timu 16 za wachezaji 22) au Euro 2004 (wachezaji 23) itakuwa kuongeza mistari tu.

Hatua ya 1: Andaa jedwali kabla ya kuandika jina lolote

Fungua Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Weka safu hizi kwa mpangilio huu: timu, namba ya jezi, nafasi, jina kamili, jina la kupangia, tarehe ya kuzaliwa, umri, mechi, mabao, klabu, nchi ya klabu, na maelezo. Weka timu zote kwenye ukurasa mmoja. Ukizigawa kurasa nane utashindwa kuhakiki kwa pamoja mwishoni.

Kwa nafasi tumia alama nne tu: K kwa kipa, B kwa beki, V kwa kiungo, M kwa mshambuliaji. Usijaribu kuandika "beki wa kushoto" au "kiungo mkabaji". Kim Christofte wa Denmark alicheza nyuma na alicheza kati katika mashindano yaleyale, na wako wengi kama yeye. Nafasi pana inatosha, mengine yaende kwenye maelezo.

Hatua ya 2: Hakikisha timu zenyewe

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa mapema. Timu nane zilizocheza ni Sweden, Denmark, Ufaransa na Uingereza katika kundi la kwanza. Uholanzi, Ujerumani, Scotland na CIS katika la pili.

Yugoslavia haimo. Ilifuzu kwa kuongoza kundi lake la mchujo kwa pointi 14, Denmark wakiwa nyuma yake kwa pointi 13 (wakati huo ushindi ulikuwa pointi 2). Timu ilikuwa imeshafika Sweden. Tarehe 30 Mei 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 757 la vikwazo, Yugoslavia wakaondolewa na Denmark wakaitwa zikiwa zimebaki siku kama kumi. Ukikuta mahali orodha ya wachezaji wa Yugoslavia, iweke kando kama kiambatisho. Usiihesabu ndani ya wale 160.

CIS (Jumuiya ya Madola Huru) ni timu ya mpito, iliyotoka Umoja wa Kisovieti uliokuwa umevunjika Desemba 1991. Usiiandike Urusi, wala Umoja wa Kisovieti. Mahali pa wimbo wa taifa, mechi zao zilipigiwa wimbo wa Beethoven, ule wa Simfonia ya Tisa, kwa kuwa nchi yao ya zamani haikuwepo tena. Ndani ya kikosi kulikuwa na Kakhaber Tskhadadze wa Georgia, Sergei Aleinikov wa Belarus, na Andrei Kanchelskis aliyezaliwa Ukraine na baadaye akaichezea Urusi. Ukiweka bendera ya nchi ya leo kando ya kila jina unabadilisha historia. Bendera moja ya CIS kwa wote ishirini, na kama unataka kutaja mahali pa kuzaliwa, safu ya maelezo ipo.

Hatua ya 3: Ingiza namba na majina, timu moja kwa siku

Anza na namba 1 ushuke hadi 20, usiruke. Namba ndiyo kamba inayokuongoza: ikikosekana moja, unajua papo hapo kuna mtu hujamwandika. Kwa Denmark, kikosi kamili ni hiki:

1 Peter Schmeichel, 2 John Sivebæk, 3 Kent Nielsen, 4 Lars Olsen, 5 Henrik Andersen, 6 Kim Christofte, 7 John Jensen, 8 Johnny Mølby, 9 Flemming Povlsen, 10 Lars Elstrup, 11 Brian Laudrup, 12 Torben Piechnik, 13 Henrik Larsen, 14 Torben Frank, 15 Bent Christensen, 16 Mogens Krogh, 17 Claus Christiansen, 18 Kim Vilfort, 19 Peter Nielsen, 20 Morten Bruun.

Tazama majina hayo kwa makini, maana yanafundisha zaidi ya maelezo yoyote. Namba 8 ni Johnny Mølby wa Vejle. Jan Mølby wa Liverpool ni binamu yake, na hakuitwa. Namba 11 ni Brian Laudrup. Kaka yake Michael alikuwa amejitoa timu ya taifa tangu 1990 na hakwenda Sweden, ingawa orodha za kubahatisha humweka kila mara. Kuna Nielsen wawili, Kent na Peter, na kocha naye ni Richard Møller Nielsen. Kuna Christensen namba 15 na Christiansen namba 17: herufi chache tu zinawatenganisha. Kuna Henrik wawili, Lars wawili, Peter wawili, Torben wawili na Kim wawili. Kwa hiyo usiandike kamwe jina moja peke yake, na usinakili kutoka ripoti ya mechi inayotaja jina la ukoo tu.

Mtego huo uko kwa Sweden pia. Patrik Andersson ni beki, Kennet Andersson ni mshambuliaji, na si ndugu.

Namba unaweza kuzihakiki kwa macho. Euro 1992 ndiyo Euro ya kwanza wachezaji kuvaa jezi zenye majina mgongoni, hivyo picha au video yoyote inayoonyesha mgongo inakupa jina na namba kwa pamoja. Ni ushahidi mzuri kuliko orodha iliyonakiliwa mara tano.

Hatua ya 4: Herufi za kigeni ziachwe kama zilivyo

Mølby si Molby, Sivebæk si Sivebaek, Häßler si Hassler. Kwenye simu, bonyeza na kushikilia o, a au s, na herufi zitajitokeza. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt kisha andika 0248 kupata ø, 0230 kupata æ, 0223 kupata ß.

Hifadhi faili kwa usimbaji wa UTF-8. Ukiona "MÃ¸lby" baada ya kufungua, jina halijaharibika. Programu imesoma faili kwa usimbaji mwingine. Usianze kurekebisha jina mojamoja kwa mkono. Funga bila kuhifadhi, ulifungue tena kwa kuchagua UTF-8.

Safu ya "jina la kupangia" ndiyo inayookoa hapa. Ndani yake andika jina la ukoo bila alama: Molby, Sivebaek, Hassler. Kwa Waholanzi, kiambishi "van" hakihesabiki katika kupanga, kwa hiyo Marco van Basten anakaa kwenye B na John van 't Schip kwenye S. Kwa CIS, chagua mfumo mmoja wa kuandika majina kutoka herufi za Kisirili na ushikamane nao hadi mwisho. Aleksei Mikhailichenko na Oleksiy Mykhaylychenko ni mtu mmoja; wa kwanza ni kwa matamshi ya Kirusi, wa pili kwa Kiukraine. Ukichanganya mifumo, siku moja utahesabu wachezaji 21.

Hatua ya 5: Tarehe za kuzaliwa na umri

Umri usiuandike kwa mkono. Kama tarehe ya kuzaliwa iko safu ya F, weka kwenye safu ya G:

=DATEDIF(F2,DATE(1992,6,10),"Y")

Katika baadhi ya mipangilio ya lugha, mkato hubadilishwa na nukta-mkato. Excel haitakupendekezea fomula hii unapoanza kuiandika, lakini inafanya kazi. Schmeichel, aliyezaliwa 18 Novemba 1963, atatoka na miaka 28. Ukipata 29, umehesabu mwaka kutoa mwaka.

Hatari kubwa ni siku na mwezi kubadilishana nafasi. John Jensen alizaliwa 3 Mei 1965. Andika 03/05/1965 kwenye programu iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, nayo itasoma Machi 5. Angalia ubaya wake: umri unatoka 27 kwa tarehe zote mbili, kwa hiyo kosa linajificha. Schmeichel atakufichulia. 18/11 haiwezi kusomwa kama mwezi wa 18, hivyo programu inaiacha kama maandishi na kuyasukuma upande wa kushoto wa kisanduku, wakati tarehe halisi hukaa kulia. Ukiona safu ambayo nusu imelala kushoto na nusu kulia, simama hapo hapo. Badilisha mpangilio wa lugha kwanza, kisha ingiza safu nzima upya. Njia salama ni kuandika 1965-05-03 tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Klabu ya siku ile

Majira yale ya joto wachezaji wengi walihama, na mashindano yalichezwa katikati ya pengo hilo. Kanuni ni klabu aliyotoka kuichezea msimu wa 1991/92. Brian Laudrup na Stefan Effenberg waandikwe Bayern Munich, ingawa wote wawili walikwenda Fiorentina baada ya hapo. Jean-Pierre Papin ni Marseille, Milan ni baadaye. David Platt ni Bari, bado si Juventus. John Jensen ni Brøndby. Arsenal walimchukua baada ya fainali.

Torben Piechnik ni mfano wa pekee. Klabu yake ni B 1903 ya Copenhagen. Mwaka huohuo klabu hiyo iliungana na KB kuunda FC København, na yeye akaenda Liverpool. Ukiandika FC København unampa klabu ambayo siku ile hakuwa akiichezea.

Hatua ya 7: Mechi na mabao kabla ya mashindano

Kumbukumbu nyingi zinakupa jumla ya mwisho. Inabidi urudi nyuma. Gary Lineker alimaliza na mechi 80 na mabao 48, na mechi yake ya mwisho ilikuwa dhidi ya Sweden tarehe 17 Juni 1992, alipotolewa. Alicheza mechi zote tatu za Uingereza bila kufunga. Kwa hiyo safu yako iandike mechi 77, mabao 48. Kwa aliyeendelea kucheza miaka mingi, kama Schmeichel aliyefikisha mechi 129, kutoa hakufai. Fungua kumbukumbu za shirikisho la nchi yake uhesabu mechi hadi Juni 1992.

Ujerumani wanahitaji uamuzi wa makusudi. Hayo yalikuwa mashindano yao makubwa ya kwanza tangu nchi iungane, na Matthias Sammer, Andreas Thom na Thomas Doll walikuwa wameshaichezea Ujerumani Mashariki. Mechi 23 za Sammer kule zisijumlishwe na zile za timu ya pamoja. Ziandike kwenye maelezo, wazi, kwa sababu alizicheza kwa haki na hazistahili kufutwa.

Hatua ya 8: Makocha na manahodha

Makocha ni rahisi: Møller Nielsen, Tommy Svensson, Michel Platini, Graham Taylor, Rinus Michels, Berti Vogts, Andy Roxburgh na Anatoliy Byshovets. Nahodha ndiye anayehitaji tahadhari. Rudi Völler alivaa kitambaa cha unahodha wa Ujerumani katika mechi ya kwanza na akavunjika mkono. Kwenye fainali nahodha alikuwa Andreas Brehme. Orodha ni ya tarehe 10, hivyo alama ni ya Völler, na jina la Brehme liende kwenye maelezo.

Kutokucheza pia si kuondoka kikosini. Kim Vilfort aliikosa mechi ya Ufaransa kwa sababu binti yake alikuwa mgonjwa sana, akarudi, na ndiye aliyefunga bao la pili katika fainali. Mstari wake haubadiliki.

Hatua ya 9: Hakiki kwa hesabu

Tumia COUNTIF kuhesabu mistari ya kila timu: 20, jumla 160. Hesabu alama K kwa kila kikosi. Denmark watoe 2, namba 1 na 16. Kisha ongeza safu ya muda ya mabao ya mashindano yenyewe. Jumla ya mechi 15 ni mabao 32. Kwa Denmark pekee yatoke 6: Henrik Larsen 3, Elstrup 1, Jensen 1, Vilfort 1. Ukipata zaidi, umehesabu penalti za kuamua nusu fainali na Uholanzi, zilizokwisha 5-4 baada ya sare ya 2-2. Hizo hazimo kwenye mabao ya mchezaji.

Mwisho panga jedwali lote kwa tarehe ya kuzaliwa na usome kumi wa juu na kumi wa chini. Mchezaji aliyeandikwa 1956 badala ya 1965 ataonekana hapo bila kutafutwa. Ukishamaliza, futa safu ya muda na uhifadhi nakala mbili, moja ya lahajedwali na moja ya CSV.