Somo: Jinsi ya kufuatilia viti vya Montana katika Bunge la Marekani, sensa kwa sensa

Habari zenu wanajamvi. Wengi wetu tukitaka kujua historia ya uwakilishi wa jimbo tunakimbilia orodha ya wabunge. Majina hayo hayasemi mengi mpaka ujue kiti kilipatikanaje na wapiga kura wake walikuwa wa wapi. Nimechagua Montana kwa sababu viti vyake viliongezeka, vikapungua, vikaongezeka tena, na kila badiliko unaweza kulikokotoa mwenyewe.

Hatua ya 1: Tenganisha mabaraza mawili.
Seneti haina hesabu ngumu: kila jimbo lina maseneta 2, na Montana ilistahili wake ilipojiunga tarehe 8 Novemba 1889. Hapo uliza tu nani aliwachagua. Hadi Marekebisho ya 17 ya Katiba mwaka 1913, kazi hiyo ilikuwa ya wabunge wa bunge la jimbo lenyewe, si wananchi. Tajiri wa shaba William A. Clark alichaguliwa hivyo mwaka 1899, Seneti ikachunguza rushwa waliyopewa wabunge hao, naye akajiuzulu mwaka 1900.

Hatua ya 2: Andika sensa kando ya viti vya Baraza la Wawakilishi.
Montana ilianza na kiti 1. Sensa ya 1910 ikaleta cha pili, kilichoanza kutumika 1913. Sensa ya 1990 ikakiondoa, na ile ya 2020 ikakirudisha kuanzia Januari 2023.

Sasa tazama jambo hili: mwaka 1980 Montana ilikuwa na watu 786,690, na mwaka 1990 watu 799,065. Waliongezeka, na bado kiti kikaondoka! Baraza lina viti 435 tu, hivyo jimbo linalokua polepole kuliko mengine hupoteza.

Hatua ya 3: Kokotoa.
Kila jimbo hupewa kiti 1 kwanza. Kwa kiti cha pili, gawanya idadi ya watu kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, kwa cha tatu, kwa kipeuo cha pili cha 6 (2×3), na kuendelea hivyo. Jibu la kila mgawanyo ndilo alama ya jimbo kwa kiti hicho. Alama za majimbo yote hupangwa kuanzia kubwa, na viti hugawiwa hadi cha 435. Mwaka 2020 Montana ilihesabiwa watu 1,085,407, pamoja na watumishi wa serikali kuu walio ng'ambo. Alama yake ikawa takriban 767,499, na ikapata kiti cha 434. Ilipita kwenye tundu la sindano.

Hatua ya 4: Chunguza mipaka.
Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wanawake wa Montana walipata haki ya kupiga kura mwaka 1914. Mwaka 1916 viti vyote 2 vilipigiwa kura na jimbo zima, Jeannette Rankin akashika nafasi ya pili, akawa mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Aprili 1917 alikuwa miongoni mwa wawakilishi 50 waliokataa vita dhidi ya Ujerumani. Mwaka huohuo jimbo likagawanywa maeneo mawili, naye akajikuta upande wa magharibi, ngome ya chama cha Democratic, wakati yeye ni wa chama cha Republican. Akaamua kugombea Seneti mwaka 1918, akashindwa. Idadi ya viti haikubadilika hata kimoja. Mstari mmoja tu ulitosha kumfungia mlango. Alirudi kwa uchaguzi wa 1940, na tarehe 8 Desemba 1941 akawa peke yake aliyepinga vita dhidi ya Japani, kura 388 kwa 1.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, baada ya sensa ya 1990 Montana ilikubali kupokonywa kiti kimyakimya?*
Hapana ndugu yangu, ilikwenda mahakamani. Eneo lake moja lingekuwa na watu 803,655 (pamoja na watumishi walio ng'ambo), na wastani wa nchi ulikuwa 572,466. Ilitaka kanuni nyingine ya hesabu, ambayo ingeipa kiti kutoka jimbo la Washington. Machi 1992 majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya nchi waliikatalia. Kisheria naona walikuwa sahihi, maana kwa viti viwili kila eneo lingekuwa na watu kama 401,800, pungufu sana. Tatizo ni hiyo 435, nayo imewekwa na sheria ya Bunge, si Katiba. Ingepaswa kuongezwa zamani.

*Nipo Marekani lakini sina uraia. Nahesabiwa?*
Ndiyo dada. Huwezi kumchagua mbunge, lakini sensa huhesabu wakazi wote. Jaza fomu, maana kiti cha jimbo unaloishi kinakutegemea nawe.

*Na wenyeji wa asili kama Crow na Blackfeet, walihesabiwa tangu 1889?*
Si wote. Katiba iliwaacha nje ya mgawanyo wa viti wale "wasiotozwa kodi". Sheria ya 1924 iliwapa wote uraia, na mgawanyo uliofuata sensa ya 1940 ndio wa kwanza kutomwacha yeyote kwa kigezo hicho. Ukirudia zoezi hili kwa Arizona au New Mexico, weka alama kwenye 1940, usilinganishe takwimu za kabla na baada yake kana kwamba zilihesabu watu walewale.