Bunduki ya urithi, foleni ya polisi na yule jamaa mwenye keshi pembeni

Kwa Marekani kila baada ya muda utasikia polisi wa mji fulani wametangaza kwamba Jumamosi wananunua bunduki kwa wananchi, unaleta yako unapewa kadi ya kununulia vitu dukani, maswali hakuna, halafu nyingi zinaenda kuharibiwa. Na wengi wanaopanga foleni pale wala sio majambazi, ni wajane, ni watoto waliorithi vitu vya mzee, ni mtu kakuta bastola kwenye droo na hajui hata inafunguliwaje. Kama ni wewe basi soma kwanza, maana ukifika pale kuna uwezekano jamaa akakugongea kioo cha gari akakwambia "mi nakupa zaidi ya hao".

Kwanza kabisa jua umeshika nini. Polisi wanalipa bei ya jumla kwa aina, hawakai kukadiria thamani ya kila moja. Seattle mwezi wa kwanza 2013 walikuwa wanatoa kadi ya mpaka dola 100 kwa bastola na bunduki za kawaida, na mpaka 200 kwa zile za mtindo wa kijeshi. Ukipeleka mkweche uliokufa kutu umekula wewe, ukipeleka kitu cha maana umeliwa wewe. Hartford kule Connecticut, Desemba 2012, mama mmoja alipeleka bunduki aliyoachiwa na baba yake, kumbe ni Sturmgewehr 44 ya Wajerumani wa vita ya pili ya dunia, kitu cha maelfu na maelfu ya dola, na waliomshtua ni polisi wenyewe waliokuwa zamu! Usitegemee kila siku kukutana na polisi mpenda historia. Piga picha maandishi ya kwenye mtutu na ubavuni pamoja na namba ya siriali, mwonyeshe dila, yaani muuza bunduki mwenye leseni, akwambie ni nini.

Kabla ya picha hakikisha haina risasi, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kutoa magazini peke yake haitoshi, risasi moja inaweza kuwa bado imekaa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa hiyo mdomo wa bunduki uelekee sehemu salama, kidole mbali na kitufyatulio, magazini itoke KWANZA ndo uvute slaidi nyuma uangalie ndani kwa macho. Hujui kufanya hivyo? Usiiguse. Piga ile namba ya polisi isiyo ya dharura uwaombe waje waichukue. Siku ya kwenda inakaa kwenye buti, tupu, risasi zimewekwa mbali nayo, na ukifika unabaki kwenye gari mpaka polisi waje wafungue buti wenyewe, hicho ndicho wengi wanachotaka, ila soma tangazo la mji wako.

Sasa tuje kwa jamaa wa keshi. Siku ile Seattle zoezi lilifanyika kwenye paking chini ya barabara kuu ya Interstate 5, foleni ikawa ndefu kweli, wanunuzi binafsi wakajipanga pembeni na noti mkononi wanawawahi watu kabla hawajafika mbele. Kipindi kile jimbo la Washington, ambako Seattle iko, halikuwa na sheria ya kuwazuia. Mwaka 2014 wananchi wakapiga kura, sasa hivi hata mauziano ya mtu na mtu lazima yapite kwa dila, na California, Colorado na New York ni vilevile. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mbona watu wanauziana tu" muulize jimbo gani na mwaka gani.

Sheria ya nchi nzima yenyewe iko hivi, raia akimuuzia raia wa jimbo lilelile haimlazimishi kumfanyia ukaguzi wa rekodi zake, lakini huwezi kumuuzia mkononi mtu anayeishi jimbo lingine, na huwezi kumuuzia mtu ambaye unajua, au una sababu ya kuhisi, kwamba amekatazwa kumiliki, mfano aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa au kwa kumpiga mwenza wake. Sasa mtu umekutana naye dakika mbili kwenye dirisha la gari utajuaje hayo?

Ndo maana ushauri wangu, hata kama jimbo lako linaruhusu, mwambie twende kwa dila. Dila anaiandikisha, mnunuzi anajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia bunduki, dila anauliza kwenye mfumo wa FBI wa kukagua rekodi za wanunuzi uitwao NICS, majibu mara nyingi yanakuja hapohapo, mengine yanachelewa siku kadhaa, na California kuna kusubiri siku 10 hata majibu yakiwa safi. Dila anachukua ada yake, mkubaliane mapema nani analipa. Mnunuzi wa kweli hana tatizo na hilo, akianza kusema "tumalizane tu pale nyuma ya gari" achana naye. Bunduki ikiokotwa kwenye tukio, wapelelezi wanaanzia kiwandani, wanashuka dukani, wanafika kwa mnunuzi wa kwanza, yaani jina la baba yako, wanagonga mlango wako. Risiti ya dila ndo itakusemea.

Kuna vitu ambavyo hutakiwi kumuuzia mtu barabarani hata akikupa milioni: iliyokwanguliwa namba, shotigani yenye mtutu chini ya inchi 18, na chochote kinachomwaga risasi mfululizo. Hivyo ongea na mwanasheria au wapigie polisi kabla hata hujavitoa nyumbani, kwa sababu ile "maswali hakuna" ni ahadi ya waliotangaza zoezi, sio msamaha wa serikali nzima.

Na kadi huwa zinaisha. Zikiisha kabla zamu yako haijafika hapo ndo wale wa pembeni wanapata bei ya kutupa, maana watu wamechoka na hawataki kurudi nayo nyumbani. Rudi nayo tu. Vituo vingi vya polisi vinapokea siku yoyote bila malipo, unapiga simu kwanza wanakwambia uje vipi, usije ukaingia kituoni umeishika mkononi.