Umepangiwa Tabora Boys? Soma hapa kabla hujanunua tranka

Majina ya kidato cha tano yakitoka tu, simu yangu haitulii. Nagonga masanduku ya bati hapa Tabora mjini, na shule wanayoiulizia nilisoma mwenyewe. Basi mzazi anaanza na bei ya tranka, anamalizia na mengine yote. Nayaweka hapa kwa pamoja.

Kwanza fomu ya kujiunga. Ipakue, ichape, na mtoto mwenyewe aisome akiwa na kalamu. Wapo wazazi wanaonunua kwa kukumbuka shule waliyosoma wao. Kijana anafika na mashuka ya maua ilhali fomu imetaja rangi. Ada usiitafute, ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022. Angalia michango iliyoandikwa na ilipe kwa njia iliyoelekezwa, usimfungie mtoto noti kwenye soksi.

Tranka sasa, na hapa najipigia debe, mnisamehe. Watu wanataka refu kwenda juu ili liingize vingi. Lisipoingia uvunguni mwa dabo deka litakaa njiani, na kila anayepita atalipiga teke. Chukua fupi, pana, la bati nene: bonyeza mfuniko katikati kwa kiganja, ukibonyea na kubaki hivyo, liache. Tazama bawaba kwa nyuma. Kama zimepigwa ribiti mbilimbili, kamata. Kama zimeshikizwa kwa waya, fundi alikuwa na haraka. Jina liandikwe kwa rangi ya mafuta juu ya mfuniko na chini ya kitako, kwa sababu la juu hufutika. Ndoo vilevile.

Godoro la futi mbili na nusu kwa sita, jembe, reki, fyekeo, vyote vipo sokoni hapa, usivibebe kutoka Dar. Chandarua kiwe cha pembe nne. Cha duara ukilala kitanda cha chini utakining'iniza wapi?

Sweta msidharau. Watu wa Pwani wakisikia Tabora wanafikiria jua tu. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai, mwezi wa kuripoti, alfajiri yake inauma. Joto lenyewe linakuja Septemba na Oktoba, pamoja na vumbi. Mvua zikianza Novemba, maembe nayo yanakuja, na maembe Tabora hayana mwenyewe.

Kufika ni rahisi: basi, au treni ya reli ya kati. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1912, na njia ya Mwanza inachepukia hapahapa. Mwenye muda apande treni. Kijana ataiona nchi.

Historia ya shule utaisikia mpaka masikio yachoke, kwa hiyo ijue mapema. Waingereza waliifungua miaka ya 1920, na hawakuficha nia: wana wa machifu wafundwe utawala, wakirudi kwao wawe mkono wa serikali. Mtindo wa viranja na mabweni ya kushindana uliletwa kutoka shule za kibwana za Uingereza. Mwaka 1937 akaja kijana kutoka Mwisenge, Musoma, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Ndiye Julius Nyerere. Alikaa mpaka alipokwenda Makerere mwaka 1943, kisha akarudi mji huuhuu kufundisha St. Mary's. Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, naye alipita hiyo shule. Na mwaka 1958 ni hapa Tabora TANU walipokutana na kukubali kuingia kwenye ule uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ambao wengi chamani walitaka ususiwe. Shule iliyojengwa kulea watumishi wa mkoloni ikamlea aliyemwondoa. Mimi hilo hunichekesha hadi leo.

Ushauri wangu kwako kijana: usikubali jina la Mwalimu Nyerere liwe fimbo ya kukuchapia. Chukua linaloigika. Alikuwa mstari wa mbele kwenye midahalo, nawe ingia klabu ya midahalo, hata kama unasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu) na unadhani maneno ni ya watu wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Ukipata ruhusa ya kutoka, nenda Kwihara ukaone tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Si mbali.

Kinachowavunja wageni si ugali na maharage. Hii ni shule ya vipaji maalumu. Ulikuwa wa kwanza shuleni kwenu. Bwenini mwako kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kwanza utatokea wa thelathini na kitu, na usiku huo utataka kuandika barua ya kuhama. Usiandike. Mtafute mtu wa kidato cha sita wa tahasusi yako, mwenye utaratibu, si lazima awe kinara. Muulize mada gani zinakula muda, na muombe pasti pepa zake. Anza hilo wiki ya kwanza, kwa sababu kutoka Julai unayoripoti hadi Mei ya mtihani wa taifa, miaka miwili haitimii, na likizo zimo humo humo.

Anayesoma prepu hadi saa nane usiku ili aonekane, mwache. Kesho yake anasinzia kwenye kipindi cha hesabu.

Wazazi, mkimfikisha getini mwacheni abebe tranka lake na kujieleza ofisini mwenyewe. Kufuli linunuliwe lenye funguo mbili: moja aivae shingoni, ya pili aikabidhi kwa patroni, si kwa rafiki wa siku ya kwanza. Na namba ya simu ya nyumbani aikariri kichwani, maana simu yake mwenyewe itabaki nyumbani.