Namna ya Kumsaidia Mtoto wa Mtaani au Anayetumikishwa Bila Kumwongezea Hatari

Mtoto anayeuza karanga stendi saa nne usiku, au binti mdogo anayetumikishwa katika nyumba ya jirani, si jambo geni kwa mkazi wa Mwanza au Dar es Salaam, na pengine ndiyo maana wengi hupita tu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamruhusu aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyodhuru afya wala masomo yake, lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na inataja migodi, ubebaji wa mizigo mizito na baa miongoni mwa kazi za hatari. Sheria hiyo inampa pia haki ya ujira, kwa hiyo utetezi kwamba binti "anasaidiwa" kwa ugali na mahali pa kulala hauna uzito.

Anza kwa kuzoeana naye. Mtoto aliyekwisha kukimbizwa na mgambo hamwamini mtu mzima anayemhoji siku ya kwanza; msalimie kwa jina lake, usimwite chokoraa, na mzungumze mahali mnapoonekana na watu ingawa maneno yenu hayasikiki. Akikueleza kwamba amepigwa au ameingiliwa, msikilize bila kumchimba, wala usimwahidi kuificha siri hiyo, bali mwambie kuwa utawaeleza wale tu wenye kazi ya kumlinda. Usisambaze picha yake kwenye makundi ya WhatsApp, kwani huenda anayemtesa naye yumo humo. Usimkabili mwajiri pia, maana akishtuka anaweza kumhamisha binti usiku huohuo.

Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa kupiga simu namba 116, isiyo na malipo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukusindikiza, ingawa akiwa rafiki wa mwajiri, mimi ningemruka. Taja saa, mahali na majeraha uliyoyaona, ukiyatenga na yale uliyoyasikia kwa watu.

Kama amebakwa, hospitali ndiyo ya kwanza, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi bila kufuliwa. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja.

Baada ya siku chache, rudi kwa afisa uulize hatua iliyofikiwa. Ukiambiwa kwamba mtoto atapandishwa basi la kwao, uliza kwanza kama sababu iliyomtoa nyumbani imechunguzwa, na ni nani huko atakayekuwa akimtembelea.